Kurudi kazini baada ya kukaa miaka bila ajira: mwongozo kwa walioko Unguja na Pemba

Aliyekaa mwaka mmoja, miwili au mitano bila kazi huambiwa jambo lile lile na kila mtu: "Zunguka, peleka barua." Akizunguka wiki tatu bila kujibiwa anarudi barazani, na safari hii kunyanyuka ni kugumu zaidi. Ushauri huo una kasoro moja, unaanzia mwisho. Visiwani kazi nyingi, za hoteli, maduka, ujenzi na bandari, hupatikana kwa mtu kumsemea mtu neno: "Huyu namjua, anafika kwa wakati, mpeni." Ukikaa nje ya kazi muda mrefu, watu wa kukusemea neno hilo wanapungua. Msimamizi wa zamani kahama, mwenzako wa zamu hajui uko wapi, mwenye duka anakudai, na simu yako haipatikani. Miezi mitatu ya mwanzo ni ya kuwarudisha watu hao, na karibu kila hatua iliyomo humu inaelekea huko.

Karatasi kwanza, wiki mbili nzima

Usipeleke ombi popote kabla karatasi zako hazijakaa sawa. Nafasi hutangazwa na kufungwa ndani ya siku chache, na anayeanza kutafuta cheti cha kuzaliwa siku hiyo ameshachelewa.

Unavyohitaji mkononi ni kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya skuli, vyeti vya mafunzo kama unavyo, barua ya sheha (kiongozi wa Serikali wa mtaa wako) na picha ndogo nane. Tazama tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kitambulisho. Wengi hugundua kimemalizika muda wakiwa mbele ya meza ya mwajiri. Kitambulisho na cheti cha kuzaliwa vyote viwili viko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, kwa hiyo safari moja ya ofisi ya wilaya inaweza kumaliza mambo mawili. Barua ya sheha iache mwisho, maana huandikwa kwa ajili ya jambo maalumu, na ya zamani hukataliwa. Kwa sheha nenda asubuhi na umweleze waziwazi unaomba kazi. Sheha ni mmoja wa watu wanaoulizwa habari zako, na ni vizuri akuone ukishughulika.

Panapowakwamisha watu wengi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Khamis, cha kidato cha nne Hamisi, kitambulisho kina jina la babu na cheti cha skuli hakina. Fatma na Fatuma, Mohamed na Muhammad, Othman na Othmani: kwa masikio ni jina moja, kwa mfumo wa kompyuta ni watu wawili. Kaa na karatasi zako zote mezani, andika kila jina kama lilivyo, herufi kwa herufi, kisha linganisha. Zikitofautiana, nenda kwa wakili au mahakamani ukaape kiapo cha kuthibitisha kuwa majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na nakala ya kiapo iambatane na vyeti siku zote. Kuanzia hapo tumia jina moja tu, lile la kitambulisho, kwenye wasifu, barua pepe na akaunti ya benki. Ukipuuza jambo hili linakuja kukuumiza baadaye, mshahara unapokataa kuingia benki au michango ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, inapoingia kwenye jina jengine.

Cheti kilichopotea hakitafutwi kwa maneno. Anza na ripoti ya upotevu kutoka Polisi, kisha nenda kwa baraza la mitihani lililokitoa ufuate utaratibu wao. Utaratibu huo unachukua muda, kwa hiyo uanze siku ya kwanza ya wiki hizi mbili huku ukiendelea na mengine.

Toa nakala seti tano. Mbili zipige muhuri wa wakili au hakimu, tatu ziache wazi. Hati halisi zikae kwenye faili gumu la plastiki, juu kabatini na si chini ya godoro, kwa sababu masika ndio muda wa paa kuvuja na maji hayachagui cheti. Usimwachie mtu hati halisi getini, hata akiwa mlinzi unayemfahamu. Halafu piga picha kila karatasi kwa simu, penye mwanga wa dirishani na bila kivuli cha mkono, uzigeuze kuwa faili la PDF na uzipe majina yanayosomeka, kwa mfano jina lako na neno "cheti kidato cha nne". Faili linaloitwa kwa tarakimu kumi na mbili hakuna anayelifungua mara ya pili.

Mwisho wa kazi hii ni simu na barua pepe. Laini iliyokaa miezi bila kutumika huweza kufungwa na namba kupewa mtu mwengine. Kama ndivyo, namba mpya ipeleke kwa kila mtu uliyewahi kumwandikia. Barua pepe uliyofungua zamani na kusahau neno la siri, achana nayo, fungua mpya yenye jina lako kamili, na uandike neno la siri kwenye daftari. Ifungue kila siku baada ya alasiri. Maombi ya Serikali hupitia mfumo wa Zanajira na majibu hutumwa kwa njia hizo. Kuna watu walioitwa kwenye usaili na wito wakausoma mwezi uliofuata.

Daftari la madeni

Madeni yanamfunga mtu kuliko ukosefu wa pesa wenyewe. Anayedaiwa na duka la karibu hupita njia ya nyuma, huzima simu, na haendi msikiti wa jirani kwa kuogopa kukutana na mwenye nyumba. Watu wale wale anaowakimbia ndio ambao wangemtaja kwa mwajiri.

Chukua daftari la skuli, gawa ukurasa safu nne: nani, kiasi gani, tangu lini, tulikubaliana nini. Andika yote, hata elfu mbili za mpiga pasi. Tuseme hesabu inakuja hivi: duka 85,000, kodi ya miezi miwili 160,000, dada 120,000, kikundi cha hisa 200,000, mkopo wa simu 38,000. Jumla 603,000. Ikikaa kichwani ni mlima. Ikiandikwa inakuwa namba, na namba inagawanyika.

Mkopo wa simu unalipwa kwanza ingawa ndio mdogo kuliko yote. Una ada inayoongezeka, na kampuni hukata yenyewe kila pesa inapoingia. Ukipata kazi na mshahara wa mwanzo ukatumwa kwenye laini hiyo, utaupokea umeshaliwa. Anayefuata ni mwenye duka, kwa kuwa yuko mtaani kwako na anaongea na watu mchana kutwa. Ndugu hufuata, lakini wote waarifiwe siku moja.

Kuarifu kwenyewe kuna namna yake. Usitume ujumbe. Nenda uso kwa uso, muda ambao dukani hapana watu, useme: "Mzee wangu, najua nadaiwa elfu themanini na tano. Sijazikataa. Nimeanza kibarua, nitaleta elfu tatu kila Ijumaa, na nikipata zaidi nitaongeza." Kisha lete elfu tatu Ijumaa hiyo. Mahali watu wanapoharibu ni kuahidi elfu ishirini ili wapumue siku hiyo. Ahadi kubwa iliyovunjwa ni mbaya kuliko kimya, na kidogo kinachofika kwa siku yake humrudisha mtu kwenye hadhi yake upesi sana.

Tuchukue kibarua kinachoingiza 45,000 kwa wiki. Chakula na nauli 30,000, madeni 10,000, na 5,000 zinawekwa pembeni kwa sababu itakayoelezwa mbele. Katika zile 10,000, simu inachukua 7,000 na duka 3,000. Wiki ya sita simu imekwisha na duka limebaki 67,000. Ukilipeleka dukani fungu lote la 10,000, wiki saba nyengine daftari la duka limefutwa. Ni wiki kumi na tatu, miezi mitatu tu. Mwenye nyumba na dada wanaingia baada ya hapo.

Usikope ili ulipe deni, na khasa usiguse ile mikopo ya kausha damu inayodai marejesho ya kila siku. Kama umezama kweli, kumbuka kwamba wenye madeni wasioweza kuyalipa wamo katika makundi manane yanayostahiki zaka, na kumweleza imamu hali yako si aibu. Ni haki iliyowekwa kwa ajili ya hali kama hiyo.

Siku iliyopotea umbo

Miaka bila kazi hugeuza usiku kuwa mchana. Mtu analala saa nane za usiku akitazama simu, anaamka saa nne asubuhi, na siku imekwisha. Kurudisha mpangilio hakuhitaji nguvu nyingi, kunahitaji nukta moja isiyosogea, na kwetu nukta hiyo ipo tayari: alfajiri. Amka, swali, na usirudi kitandani. Siku nne za mwanzo utasinzia adhuhuri, vumilia bila kulala zaidi ya nusu saa. Wiki ya pili usingizi wenyewe utakuja mapema.

Baraza na maskani hazina ubaya, habari nyingi za kazi hupita hapo. Nenda baada ya alasiri kama mtu aliyemaliza shughuli zake. Anayeonekana hapo tangu saa tatu asubuhi ndiye hasa ambaye hakuna atakayethubutu kumtaja kwa tajiri.

Kama usingizi haurudi baada ya mwezi, chakula hakipiti, au mawazo yamefikia kutamani kutokuwepo, hilo ni la daktari. Nenda hospitali iliyo karibu nawe useme hivyo hivyo. Unguja hospitali ya Kidongo Chekundu inashughulika na afya ya akili, na watu wengi wanaotibiwa huko ni wazazi na wafanyakazi wa kawaida kabisa. Usingoje mpaka familia ikubebe.

Kazi ndogo yenye msimamizi

Sambamba na karatasi na madeni, tafuta kazi ya kwanza, na uichague kwa kipimo kisichokuwa cha mshahara. Iwe inajirudia siku zile zile, na iwe na mtu mmoja anayekuona ukifika. Kuhesabu na kupima samaki dikoni Malindi, kusaidia fundi kwenye ujenzi mmoja na si kila siku pengine, kushusha mizigo kwa mfanyabiashara mmoja Mwanakwerekwe, kusomesha tuisheni, kusaidia jikoni kwa mpishi wa harusi. Kazi ya siku moja inayolipa elfu thelathini ni nzuri kwa tumbo, lakini haikupi mtu. Ya elfu nane kila siku kwa miezi mitatu inakupa msimamizi atakayepokea simu na kusema unafika.

Kwenye ujenzi fika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na viatu vya kufunika vidole. Ukifika saa mbili mafundi wameshagawana wasaidizi. Usiku ule ule wa siku ya kwanza uliza kesho wanamwaga zege au wanajenga tofali. Siku ya zege watu huhitajika wengi, na ndiyo siku ya kuingia kwa mgeni.

Kwa mafunzo, Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo Mwanakwerekwe na Mkokotoni kwa Unguja, na Vitongoji kwa Pemba, na kwa mambo ya hoteli SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, ina kampasi yake ya utalii Maruhubi. Uliza pia habari za uanagenzi, kujifunza ukiwa karakana au hotelini. Lakini kozi isiwe pahala pa kujificha. Kozi ya tatu mfululizo bila siku hata moja ya kazi humtia mwajiri wasiwasi badala ya kumvutia.

Kalenda ya visiwa

Anayeomba kazi ya hoteli Aprili anagonga mlango uliofungwa. Masika baadhi ya hoteli za kaskazini na mashariki hufunga au hubaki na watu wachache, kisha hujaza nafasi kabla ya wageni wa Julai na Agosti. Kwa hiyo barua za Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje na Jambiani zipelekwe katikati ya Mei mpaka wiki ya pili ya Juni. Mlango wa pili ni mwanzo wa Novemba, kabla ya wageni wa Disemba. Ukikataliwa Mei, rudi Novemba mahali pale pale. Meneja akikuona mara ya pili, na safari hii una mdhamini, hukumbuka.

Ramadhani huja mapema zaidi kila mwaka kwa kiasi cha siku kumi na moja, na mwaka 2026 inaangukia Februari na Machi. Mafundi cherehani huanza kuhitaji wasaidizi tangu Shaabani, na kazi ya kukata, kushona vifungo na kupiga pasi hujaa mpaka usiku wa Idi. Maduka ya nguo Darajani nayo huongeza vijana wiki mbili za mwisho. Atakayekwenda kuuliza ishirini na saba Ramadhani amechelewa, nafasi hugawiwa mapema.

Pemba ina karafuu. Mavuno huja nusu ya pili ya mwaka na hayalingani: mwaka mmoja miti inainama, mwaka mwengine hapana kitu. Mchumaji hulipwa kwa pishi, yaani chombo cha kupimia, na kuna kazi ya kuchambua jioni inayofanywa barazani, na ya kuanika. Kabla ya kupanda kubalianeni bei ya pishi na pishi lenyewe mlione, kwa sababu vyombo hutofautiana na ugomvi mwingi hutokea hapo. Tawi la mkarafuu hukatika ghafla bila kulia, tofauti na mwembe. Funga kamba kwenye shina, usikanyage tawi lisilofika unene wa mkono, na usipande kukiwa na umande. Kila msimu watu huvunjika migongo kwa pishi moja la ziada. Karafuu zikikauka huuzwa ZSTC tu, shirika la biashara la Serikali. Anayekuita usiku kubeba magunia kwenda ufukweni anafanya magendo na anakuitia jela, hata kama malipo ni ya wiki nzima kwa usiku mmoja.

Kwa walioko pwani, mwani hufuata bamvua: maji yanapotoka sana, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndipo kazi ya kufunga na kuvuna inapofanyika. Zao huchukua kama siku 45. Haifai kutegemewa pekee, ila bamvua hujulikana mapema, na hiyo inaruhusu kupanga kazi nyengine kati yake.

Wasifu wenye pengo

Wasifu, ile karatasi ambayo wengi wanaiita sivii, uwe ukurasa mmoja. Pengo lisifichwe. Anayesogeza tarehe ili miaka ikutane hugunduliwa kwa simu moja tu, na baada ya hapo hata ukweli wake hauaminiwi. Liandike kwa mstari mfupi, na ndani yake uweke ulichokifanya:

2018–2020: Mhudumu wa mgahawa, hoteli ya ufukweni, Paje. Kazi ilisita hoteli ilipofungwa.
2020–2023: Nyumbani, kumuuguza mzazi. Kushona sare za skuli kwa oda.
2024 hadi sasa: Kibarua wa kudumu wa siku tano kwa wiki, upakuaji na hesabu ya mizigo.

Chini yake weka wadhamini wawili na namba zao. Mmoja awe msimamizi wako wa sasa, wa pili mwalimu, sheha au mwajiri wa zamani. Waombe ruhusa kabla, na uwaambie kazi gani unaomba ili wasishtuke wakipigiwa. Mjomba mwenye jina lako la ukoo hafai kuwa mdhamini, hata akiwa mkubwa wa ofisi.

Hotelini usipite mlango wa wageni. Nenda geti la wafanyakazi, Jumanne mpaka Alhamisi, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, ambapo zamu ya chakula cha asubuhi imetulia. Ijumaa mchana na siku wageni wanapobadilishana usiende. Uliza jina la anayepokea maombi, liandike, na umwombe mlinzi kwa heshima akupe siku ya kurudi. Katika daftari lile la madeni fungua kurasa za nyuma: tarehe, mahali, nani nimemwona, kasema nini, nirudi lini. Baada ya wiki tatu kurasa hizi zitakuonesha kama shida ni karatasi zako, msimu, au aina ya kazi unayoomba. Maombi ishirini bila kuitwa hata mara moja, kasoro iko kwenye wasifu au wakati. Ukiitwa mara tano na kukosa zote tano, kasoro iko kwenye usaili.

Na kwenye usaili swali litakuja: "Muda wote huu ulikuwa wapi?" Jibu lisizidi nusu dakika. "Kazi ilikatika mwaka 2020, nikakaa nyumbani muda mrefu, nikimuuguza mama. Tangu mwaka 2024 niko kazini siku tano kwa wiki, msimamizi wangu ni huyu, namba yake ipo hapo chini." Kisha nyamaza. Wengi huharibu kwa kuendelea, wakaanza kumlaumu bosi wa zamani, ndugu na Serikali. Anayekusikiliza anachotaka kujua ni kama kesho utafika.

Tangazo lolote linalodai pesa ya fomu, ya sare au ya "kupimwa afya" itumwe kwa simu kabla ya kuonana, liache. Kwa kazi za Oman na nchi nyengine za Ghuba, wakala awe na kibali, mkataba upitie Kamisheni ya Kazi, usome mshahara, saa na siku ya mapumziko kwa lugha unayoielewa, na nakala ibaki kwa mtu wa nyumbani. Viza ya matembezi si viza ya kazi. Anayekwambia utabadilishiwa ukifika anakupeleka mahali ambapo hutakuwa na haki ya kulalamika.

Biashara ndogo na hesabu yake

Wengine watapitia mlango wa kuuza kitu asubuhi, na ni mlango halali, mradi hesabu iwe kamili. Tuchukue mandazi ya unga kilo mbili, bei za mfano: unga 4,000, sukari 1,000, nazi mbili 2,000, mafuta 3,000, hamira na iliki 500, makaa 1,500. Jumla 12,000, na mandazi kama 64. Kwa 200 moja ni 12,800. Anayeanza huacha nazi kwa sababu imeanguka uani, na makaa kwa sababu yalikuwepo, akaona faida ya 4,300. Kwa kweli ni 800. Tena watoto nyumbani wamekula matano na matatu yamelala, yamebaki 56 ya kuuzwa, yaani 11,200. Hiyo ni hasara, na ndiyo sababu biashara hizi hufa wiki ya tatu bila mwenyewe kujua kwa nini. Kwa 300 yale yale 56 yanaleta 16,800, faida 4,800. Kama mtaa hauwezi 300, badilisha bidhaa badala ya kuzidisha kilo. Mandazi ya watoto yahesabiwe na kulipiwa kutoka pesa ya chakula.

Mikopo ya uwezeshaji, kama inayosimamiwa na ZEEA, wakala wa Serikali wa kuwezesha wananchi kiuchumi, ifikiriwe baada ya miezi mitatu ya hesabu zilizoandikwa. Mkopo hukuza kile kilichopo. Kikiwepo hasara, utakua nayo.

Umepata kazi

Hapa huanguka watu wengi kuliko inavyodhaniwa, na kinachowaangusha ni nauli. Ukianza tarehe mosi, mshahara unakuja mwisho wa mwezi. Gari mbili kwenda na mbili kurudi, tuseme 600 kila moja, ni 2,400 kwa siku, na kwa siku 26 ni 62,400. Asiyenazo huanza kukosa wiki ya pili, anaona haya kusema, na wiki ya tatu kafukuzwa kwa utoro. Zile 5,000 za kila wiki zilikuwa kwa ajili ya hili: baada ya wiki kumi na tatu ni 65,000. Kama kazi imekuja mapema kabla hazijatimia, mwambie msimamizi siku ya kwanza, na siyo siku ya kumi, kwamba utahitaji nauli ya nusu mwezi ikatwe kwenye mshahara. Kwa anayetoka mbali, uliza kama kuna gari la wafanyakazi na linapita wapi.

Omba mkataba wa maandishi na nakala yako. Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 ndiyo inayosimamia ajira Zanzibar, na Kamisheni ya Kazi ndiyo pa kwenda ukinyimwa haki. Kwenye "siku za kujaribiwa" kubalianeni ni ngapi na zinalipwa nini. Zikipita wiki bila jibu wala malipo, umegeuzwa kibarua wa bure. Baada ya miezi miwili nenda ZSSF na namba yako ya uanachama uangalie kama michango inaingia kwa jina sahihi. Angalia pia ya kazi ya zamani, yawezekana ipo na umeisahau.

Mshahara wa kwanza nyumbani wote wanausubiri, na miaka ya kulishwa inakufanya utake kumridhisha kila mtu siku moja. Toa nauli ya mwezi unaofuata kwanza, kabla ya kitu chengine chochote. Kisha chakula na mchango wa nyumba, kisha deni lililofika zamu yake, na mama umpe kitu mkononi hata kiwe kidogo. Upatu subiri mwezi wa tatu. Ukiingia mwezi wa kwanza na ukakosa kuweka mara moja tu, jina lililoanza kusafika linachafuka tena.

Msimu ukimalizika na ukaambiwa mpaka Juni, usiondoke mikono mitupu. Kabla ya siku ya mwisho, msimamizi akiwa bado anakukumbuka, mwombe barua ya utumishi yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, cheo, sahihi, muhuri na namba yake ya simu. Itoe nakala siku hiyo hiyo, na iingie kwenye faili lile la plastiki, juu kabisa.